Kuwasilisha ni Kufikisha: Istilahi za Mafunzo na Namna Watu Wazima Wanavyojifunza

Miongoni mwa kazi za tafsiri zinazoletwa mezani petu, fungu moja limekuwa likiongezeka mwaka hadi mwaka: maandishi ya mafunzo ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Huja miongozo ya wawezeshaji, huja vitini vya washiriki, na siku hizi aghalabu huja slaidi, yaani zile kurasa zinazoonyeshwa ukutani kwa mashine. Kwa kawaida tunaombwa jambo moja tu, nalo ni kutafuta istilahi sahihi ya Kiswahili kwa kila istilahi ya kigeni. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini ombi hilo halitoshi, na kwa nini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayeandaa mafunzo hawana budi kuanza na swali jingine: msikilizaji atatoka na nini?

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Shirika moja lilituletea slaidi 60 za mafunzo ya siku mbili kwa wahudumu wa afya wa vijijini, juu ya kuharisha kwa watoto wadogo. Tulizitafsiri zote kwa uangalifu. Pale maandishi ya asili yalipotaja ule mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa katika pakiti za ORS, sisi tuliandika "myeyusho wa kurudishia maji mwilini". Istilahi hiyo ilikuwa sahihi kwa kila kipimo cha kazi yetu, na tuliridhika nayo.

Siku ya mafunzo mmoja wetu alikwenda kusikiliza. Mwasilishaji alisoma slaidi moja baada ya nyingine tangu asubuhi, na washiriki walinakili kwa bidii kila kilichotokea ukutani. Ilipofika saa tisa alasiri mama mmoja aliinua mkono akauliza, "Samahani mwalimu, huo myeyusho unaotajwa tangu asubuhi, ndiyo yale maji ya pakiti?" Akajibiwa kwamba ndiyo hayo. Ukumbi mzima ukaguna. Yule mama akaendelea, "Sasa hiyo lita moja, kwetu ni vikombe vingapi?" Swali hilo halikuwa na slaidi, na muda ulikuwa umekwisha. Akaambiwa, "Utasoma katika kitini, mama."

Jambo hili si dogo. Pakiti ya kawaida ya ORS huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama. Maji yakipungua, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto. Maji yakizidi, mchanganyiko huwa hafifu na haumsaidii ipasavyo. Kwa hiyo katika slaidi zote 60, swali la vikombe ndilo lililokuwa kiini cha mafunzo, na ndilo lililokosa nafasi. Nasi tunakiri kwamba sehemu ya lawama ilikuwa yetu, maana tulimpa yule mama neno ambalo lilimficha kitu alichokuwa anakijua.

MAJINA YA SHUGHULI NA MAANA ZAKE

Kabla ya kuzungumzia namna ya kupanga mafunzo, yafaa tuyatazame majina tunayoyatumia, kwa kuwa mara nyingi jina likichanganywa na kazi nayo huchanganyikiwa. Katika mialiko mingi utaona maneno semina, warsha na mafunzo yakitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo.

Semina ni neno lenye asili ya Kilatini, na mzizi wake ni kitalu cha miche. Ni ndugu wa neno seminari. Katika semina watu wenye ujuzi wa jambo hukutana kulijadili, kila mmoja akiwa na lake la kuchangia. Warsha limetoka katika Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa mahali ambapo sisi tungepaita karakana. Basi, kama vile mtu haendi karakana kusikiliza hotuba juu ya randa na msumeno, ndivyo ambavyo mshiriki hapaswi kutoka katika warsha mikono mitupu. Lazima pawe na kitu kilichotengenezwa: mpango, bajeti, rasimu ya barua, au kazi nyingine inayoonekana. Mafunzo nayo ni shughuli ambayo mtu huingia hajui kutenda jambo fulani, akatoka anajua kulitenda. Shirika likiita watu warshani kisha likawahutubia siku nzima, limewaahidi kitu kimoja na kuwapa kingine.

Tuje kwenye neno kuwasilisha. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya kitenzi wasili, ambacho maana yake ni kufika. Kuwasilisha ni kufanya kitu kifike. Barua iliyoachwa njiani haikuwasilishwa, hata kama tarishi alitembea kutwa nzima. Vivyo hivyo, mtu aliyesimama mbele ya wenzake akasema kwa saa sita, nao wasipate jambo la kwenda nalo, amesema tu, hajawasilisha. Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu.

Neno kujifunza nalo lina fundisho kubwa zaidi. Mzizi wake ni funda, lile lile tunalolisikia katika kumfunda mwari. Kutokana na funda tunapata funza na fundisha, mwanafunzi na mkufunzi. Lakini Kiswahili kilipotaka kutaja tendo la mtu anayepata elimu, hakikuridhika na kufunzwa peke yake. Kilipachika kiambishi -ji-, ambacho hurejesha tendo kwa mtendaji mwenyewe, kama katika kujilisha na kujivika. Anayejifunza anajifunza yeye mwenyewe. Mwalimu humwandalia njia. Pengine ndiyo sababu neno mwezeshaji limepokewa kwa urahisi katika mashirika haya. Mwezeshaji ni yule anayemfanya mwingine aweze, na kipimo cha kazi yake hakiwezi kuwa wingi wa maneno aliyoyasema, bali ni yale ambayo washiriki wanaweza kuyatenda baada yake.

AKILI HUBEBA KIASI GANI?

Hayo tuliyoyasoma katika muundo wa maneno yanalingana na yale ambayo wanasaikolojia wameyapata kwa majaribio. Tutayataja machache yenye manufaa kwa msomaji wetu, pamoja na istilahi tunazozipendekeza.

La kwanza ni udogo wa kile tunachopendekeza kukiita kumbukumbu tendaji, yaani sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyafikiri sasa hivi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu huweza kushika kwa pamoja kama mambo 7, yakizidi au kupungua mawili. Mwaka 2001 Nelson Cowan, baada ya kupitia majaribio mengi ya baadaye, alionyesha kwamba kiasi hicho huenda kikawa karibu mambo 4 tu. Hata hivyo "jambo" hapa si lazima liwe neno moja au tarakimu moja. Ni fungu la maana, na ukubwa wake hutegemea mtu anajua nini tayari. Kwa muuguzi, "lita moja" ni fungu moja. Kwa mtu asiyeitumia lita nyumbani kwake ni mafungu matatu au manne: lita ni nini, itapimwa kwa chombo gani, chombo hicho hujazwa mara ngapi.

La pili ni mzigo wa akili. Nadharia yake iliwekwa wazi mwaka 1988 na John Sweller wa Australia. Somo lolote lina uzito wake wa asili, lakini namna linavyotolewa huweza kuongeza uzito usio wa lazima. Mfano ni maandishi yaliyojaa ukutani yakisomwa kwa sauti wakati huo huo. Richard Mayer, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoelezwa kwa sauti kuliko picha hiyo hiyo, sauti hiyo hiyo, na juu yake maandishi yanayorudia yale yale. Wako wanaosema "mzigo wa utambuzi". Sisi tunaona neno utambuzi limekwisha kutwikwa maana nyingi, na mzigo wa akili hueleweka hata kwa asiye mtaalamu. Wahenga walikwisha kusema: mshika mawili, moja humponyoka.

La tatu ni kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima baada ya muda ni kiasi gani kimebaki. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa za mwanzo, kisha kasi yake hupungua. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa yana faida kuliko wingi wa marudio yaliyorundikwa siku moja. Haya tunapendekeza yaitwe marudio ya vipindi. Anayefahamu methali ya "chururu si ndondondo" hatashangaa.

La nne ndilo linalosahauliwa zaidi na waandaaji. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha matokeo ya majaribio na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Wanafunzi walisoma habari fupi. Kisha katika hali moja waliisoma tena, na katika hali nyingine waliandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma tena kulionekana kuwa bora kidogo. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tena walikumbuka kama asilimia 42, na waliojilazimisha kukumbuka walifikia asilimia 56. Tendo hili la kulitoa jambo kichwani bila kulitazama tunapendekeza liitwe kujikumbusha. Msomaji ataona kiambishi -ji- kimerudi tena. Mwezeshaji anayerudia mwenyewe muhtasari wa somo anawakumbusha washiriki. Anayewaambia wafunge madaftari wakamweleze jirani waliyoyasikia anawafanya wajikumbushe. Tofauti ya viambishi hapa ni tofauti ya matokeo.

Twapenda pia kuonya juu ya imani moja iliyoenea katika miongozo mingi, kwamba watu wamegawanyika katika wale wa kujifunza kwa kusikia, wale wa kuona na wale wa kutenda, na kwamba kila kundi lifundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia utafiti uliokuwapo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihalalisha desturi hiyo. Mfasiri akikutana na maneno hayo ayatafsiri kama yalivyo, lakini mwandaaji asiyajengee mafunzo yake.

ISTILAHI NAYO NI MZIGO

Sasa twaweza kueleza kosa letu kwa lugha ya kitaalamu. Katika slaidi zile tulikuwa tumeingiza istilahi ngeni zaidi ya 20. Kila moja peke yake iliweza kutetewa. Lakini msikilizaji hazipokei moja moja. Huzipokea zikifuatana, na kila neno geni huchukua nafasi katika kumbukumbu tendaji ambamo nafasi ni chache. Wakati yule mama anajiuliza myeyusho ni nini, maelezo ya kupima maji yalikuwa yamekwisha kupita.

Hatusemi kwamba istilahi ziachwe. Mtu asiyepewa jina la kitu hawezi kukizungumzia na daktari wala kukisoma kwenye karatasi ya serikali, na kumnyima istilahi kwa kisingizio cha kumrahisishia ni kumweka nje ya mlango. Tunachosema ni kwamba istilahi ifuate kitu, isikitangulie. Kwanza mshiriki akione kitu, akishike, akitaje kwa jina alilonalo. Kisha aambiwe, "Haya maji ya pakiti, kwenye maandishi ya hospitali utayakuta yameitwa hivi." Hapo neno jipya hufungwa kwenye fungu lililokwisha kuwako, na mzigo wake huwa mdogo.

MFANO WA MAFUNZO YALIYOPANGWA UPYA

Tuchukue mafunzo yale yale tuone yangepangwaje.

Mwandaaji angeanza kwa kuandika mambo ambayo mshiriki ataweza kuyatenda akirudi kijijini. Yangetosha matatu: kuchanganya pakiti moja na lita moja ya maji, kumpa mtoto kiasi kinachostahili kila anapoharisha, pamoja na vidonge vya zinki kama anavyoelekezwa na kituo cha afya, na kuzitambua dalili za hatari, kama vile mtoto kushindwa kunywa au kuharisha damu, ili akimbizwe kituoni. Slaidi isiyosaidia mojawapo ya haya matatu ingeondolewa, hata kama ina picha nzuri.

Asubuhi, kabla ya maelezo yoyote, washiriki wangeulizwa: mtoto akiharisha nyumbani kwenu, mnafanya nini? Majibu yao yangeonyesha wanalolijua, wanalolikosea, na maneno wanayoyatumia. Kisha yangeletwa mezani pakiti, ndoo ya maji salama, chupa ya lita moja, na vikombe vya aina inayotumika majumbani mwao. Kila kikundi kingejaza lita kwa kikombe chake na kuhesabu. Swali la yule mama lingejibiwa na mikono yake mwenyewe. Tena wangegundua kwamba vikombe havilingani, na kwamba ni salama zaidi kupima kwa chupa ya lita moja, au chupa mbili za maji za nusu lita, kuliko kukariri idadi ya vikombe.

Baada ya chakula cha mchana mwezeshaji asingesoma muhtasari. Angewaomba wafunge madaftari, na kila mmoja amweleze mwenzake hatua zote kama anavyomweleza jirani mwenye mtoto mgonjwa, kwamba mchanganyiko uliokaa saa 24 umwagwe na kutengenezwa mwingine. Aliyekosea angesahihishwa papo hapo, bila kuaibishwa, kwa kuwa kukosea darasani kuna nafuu kuliko kukosea kando ya kitanda cha mtoto. Siku ya pili ingeanza kwa zoezi hilo hilo la kujikumbusha. Baada ya wiki mbili, msimamizi anapopita vijijini, angeliuliza tena. Hayo ndiyo marudio ya vipindi, na hayahitaji mashine wala umeme.

Kitini nacho kingekuwa ukurasa mmoja wenye picha za hatua kwa utaratibu wake. Kurasa 40 za maelezo humfaa mwezeshaji, naye ndiye apewe.

SI MGENI KWETU

Huenda msomaji akadhani kwamba tunaleta desturi ya kigeni. Lakini Tanzania imewahi kufanya hivi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusoma. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma sehemu fupi ya kitabu, kikajadili hali ya mahali pake, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Juma lililofuata walikutana tena. Humo mna kila tulichokitaja hapo juu: jambo chache kwa kila kikao, mazungumzo ya washiriki wenyewe, tendo la kulithibitisha, na kurudia kwa vipindi.

Hata kabla ya redio, kungwi aliyemfunda mwari hakumsomea hotuba. Alimpa wimbo, akamwonyesha kwa vitendo, akamtaka arudie mpaka aweze. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na yaliyofundishwa, lakini njia yake ilijua namna kumbukumbu inavyofanya kazi.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo.

Kwa waandaaji: mwaliko utumie jina linalolingana na kazi. Semina iwe ya kujadiliana, warsha iwe ya kutengeneza kitu, mafunzo yawe ya kupata uwezo wa kutenda. Malengo ya mafunzo yaandikwe kwa vitenzi vinavyoonekana, kama kupima, kujaza, kueleza. Vitenzi kama kufahamu na kuelewa havitoshi, kwa sababu havipimiki kwa macho.

Kwa wafasiri: kabla ya kutafsiri, muulizeni mteja nani atasikiliza na atatenda nini baadaye. Hesabuni istilahi ngeni katika kila ukurasa. Zikizidi tatu au nne, mwambieni mteja. Ulizeni pia kitu hicho kinaitwaje kule mafunzo yatakakofanyika, na jina hilo liandikwe kando ya istilahi sanifu pale inapotajwa mara ya kwanza.

Kwa watumishi wa serikali wanaopokea taarifa za mafunzo: msiridhike na idadi ya waliohudhuria. Ulizeni ni wangapi, baada ya mwezi mmoja, waliweza kutenda walilofunzwa. Watu hawa huacha mashamba na biashara zao ili waje kusikiliza, na muda wao ni mali.

Istilahi tunazoziweka mbele ya wasomaji ni kumbukumbu tendaji, fungu la maana, mzigo wa akili, kujikumbusha, na marudio ya vipindi. Tunaomba walimu na wawezeshaji wazijaribu kazini, kisha watuandikie zimepokewaje. Hasa tungependa kusikia pale ambapo msikilizaji aliinua mkono akauliza kama kitu hicho siyo kile anachokijua kwa jina jingine. Swali la namna hiyo ndilo litakalotusahihisha.